Nyonga haimuumi, picha nyingine ya nini?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu aliwekewa nyonga ya bandia miaka 14 iliyopita, na hata fimbo hatumii. Juzi eksirei ya kawaida ilionyesha weusi nyuma ya kikombe, ile sehemu ya nyonga ya bandia inayoshikizwa kwenye mfupa wa kiuno. Tumeambiwa huenda mfupa unalika, apigwe CT, ile picha ya kompyuta inayoonyesha mwili vipande vipande. Yeye hataki: "Siumwi, picha ya nini?" Nimwambieje?
Kitindamimba

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie mama kwamba mfupa huu hulika kimyakimya. Kila kichwa cha nyonga, yaani lile tufe la bandia linalokaa ndani ya kikombe, kinapozunguka, plastiki iliyo ndani ya kikombe husagika kidogo. Seli za ulinzi humeza vumbi lake, hushindwa kulimaliza, kisha hutoa kemikali zinazoamsha seli zinazokula mfupa. Maumivu mara nyingi huja kiungo kikishalegea, au mfupa ukishavunjika.

Mimi kabla ya CT huomba eksirei ya zamani, ile iliyopigwa mara baada ya upasuaji. Itafuteni hata kama iko chini ya godoro! Naziweka mbili sambamba na kutazama kichwa: kiko katikati ya kikombe, au kimepanda? Kikipanda, plastiki imelika. Ikipungua zaidi ya milimita 0.1 kwa mwaka, napata wasiwasi. Halafu nafuata shina la chuma ndani ya paja. Mfupa uliokonda tu sehemu ya juu haunitishi sana, maana chuma kimeubebea mzigo nao umekosa kazi. Shimo lenye kingo za mviringo ndilo linalonisimamisha.

Shida ya eksirei ni kwamba chuma cha kikombe huficha kilicho nyuma yake, na shimo mara nyingi huonekana dogo kuliko lilivyo. CT iliyorekebishwa kupunguza mng'ao wa chuma hutupa ukubwa wake halisi. Hapo ndipo tunajua kama tusubiri na kurudia picha, au tubadilishe plastiki peke yake wakati kikombe bado kimeshika. Kikishang'oka, upasuaji unakuwa mkubwa zaidi.

Ombeni pia ESR na CRP, vipimo vya damu vinavyopanda mwili ukiwa na maambukizi au uvimbe, kwa sababu maambukizi nayo hula mfupa. Vikiwa juu, maji ya kiungo yavutwe kwa sindano yakapimwe. Na mtu asiwape antibayotiki "za kujaribu" kabla ya hapo. Huwaficha vijidudu maabara isiwaone.

Akianza kuumwa kinena, au paja likimchoma hatua za kwanza akiinuka kitini, asingoje tarehe ya kliniki.