Kabla hujamsoma Anna Dalassene, chora ukoo

Insha yangu ya kwanza kuhusu Bizanti, yaani Dola ya Roma ya Mashariki, ilirudi imejaa wino mwekundu. Nilimchanganya Anna Dalassene, mama wa kaizari Alexios wa Kwanza, na mjukuu wake, Anna Komnene, nikampa bibi sifa ya kitabu alichoandika mjukuu. Ninyi mnaoanza mwaka huu, chukueni karatasi kubwa mchore ukoo kabla ya kufungua kitabu.

Anza na jina. Baba yake aliitwa Alexios Charon, lakini binti alishika jina la akina Dalassenos, upande wa mama, kwa kuwa ndio uliokuwa na heshima zaidi. Ukimtafuta kwa baba tu, humpati.

Aliolewa na John Komnenos, ndugu wa kaizari Isaac wa Kwanza. Mwaka 1059 Isaac alipoachia kiti, John alikataa kukikalia. Mkewe alimsihi weee, wapi! Kikaenda kwa Constantine Doukas, na tangu hapo Anna hakuwapenda akina Doukas. Andika chuki hiyo kwa kalamu ya rangi nyingine, maana utarudi kwayo mara nyingi. Mume alifariki 1067, akamwacha na watoto wanane.

Sasa wakwe, na hapa Kiswahili kinakupa faida. Neno "mkwe" peke yake halitoshi; andika mavyaa, mkaza mwana, wifi, shemeji. Binti yake Theodora aliozwa kwa mwana wa kaizari Romanos Diogenes. Anna mwenyewe alipelekwa uhamishoni kisiwa cha Prinkipo mwaka 1072, akituhumiwa kuandikiana barua na Romanos huyo, aliyekuwa ameng'olewa kitini na akina Doukas. Halafu mwanawe Alexios akamwoa Irene, tena wa ukoo wa Doukas! Mama hakutaka kabisa. Alexios alipotwaa kiti Aprili 1081, alivikwa taji peke yake. Irene alisubiri wiki nzima. Wiki hiyo mimi naisoma kama mvutano wa mavyaa na mkaza mwana, ingawa siasa za koo zilikuwamo pia.

Agosti mwaka huohuo, akienda kupigana na Wanormani wa Robert Guiscard, mtawala wa kusini mwa Italia, Alexios alitoa hati yenye muhuri wa dhahabu ikimkabidhi mama yake uendeshaji wa serikali. Isomeni hati hiyo polepole, mara mbili.

Majina yanayojirudia yasiwatishe. Binti wa kwanza wa Alexios alipewa jina la bibi mzaa baba, na mwana wa kwanza la babu, John. Wengi kwetu tunafanya vivyo hivyo.

Tahadhari moja: masimulizi mengi kumhusu yametoka kwa huyo mjukuu, ambaye bibi yake ni Anna na mama yake ni Irene. Alilazimika kuwasifu wote wawili, na pale anapopita harakaharaka ndipo mimi husimama. Tafuteni pia mihuri ya madini ya risasi iliyosalia, inayomtaja Anna kuwa mtawa na mama wa kaizari. Ukipata picha yake, ibandike pembeni ya mchoro wako.