Usisaini motahomu Jumamosi, pangeni kwanza

Kaka yangu weka hiyo kalamu chini. Umeandika kwamba wewe na wifi mmestaafu, mko Minnesota, baridi imeshaingia mpaka kwenye magoti, mnataka kila Novemba mshuke Texas mkaishi kwenye kambi ya motahomu, yale magari makubwa yenye nyumba ndani, hadi Machi, na Jumamosi hii mnaenda kusaini motahomu mpya kwa mkopo wa miaka 20 kwa sababu muuzaji kasema ofa inaisha wikiendi. Halafu ndo unauliza Texas au Arizona, wajukuu wanaruhusiwa, intaneti ikoje, hospitali, sijui na mbwa. Hayo yote yanasubiri. Jumamosi haisubiri.

Mimi na mzee wangu tulipita njia hiyohiyo, tukanunua kwanza ndo tukaenda kujua maisha ya kambini yakoje, na ile hela mpaka leo haijarudi na haitarudi. Kwa hiyo ukiona naandika kwa hasira ujue hasira sio zako.

Sikiliza kitu ambacho hakuna aliyetuambia pale kwenye maonyesho ya motahomu tuliponunulia. Motahomu ukishaifikisha kambini haitembei. Unashuka na barabara kuu ya I-35, Iowa, Kansas City, Oklahoma, Dallas, San Antonio, mpaka chini kabisa kule Rio Grande Valley mpakani na Mexico, miji ya McAllen, Mission, Weslaco, kama maili 1,500 kutoka Minneapolis, unaingia kwenye kiwanja chako cha zege, unasawazisha, unachomeka umeme, unafunga mpira wa maji, unaunga bomba la choo, unazitoa zile slaidi za ubavuni sebule ipanuke, basi, imeisha mpaka Machi. Ukitaka kwenda dukani au kanisani huwezi kung'oa nyumba yote hiyo, unahitaji gari dogo, na hilo gari dogo inabidi mlivute nyuma njia nzima, na kulivuta kunataka chuma chake na breki zake za ziada, hela nyingine hiyo. Sasa jiulize mwenyewe, injini, giaboksi, matairi, unavilipia kila mwezi wa mwaka kwa ajili ya siku chache za kwenda na siku chache za kurudi. Zilizobaki zote unalipa ili injini isimame juani. Na zile kubwa za petroli zinakwenda maili 7 mpaka 10 kwa galoni, chukua 8, ni karibu galoni 190 kwenda tu bado kurudi, zinabugia mafuta kama watu wa shughuli walioona pilau.

Haya njoo kwenye mkopo, hapa ndo penye kidonda. Chukua karatasi. Ukikopa dola 80,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa miaka 20, kila mwezi ni kama dola 669. Inaonekana ndogo, ndo maana wanakutajia hiyo peke yake. Ukijumlisha yote inapita dola 160,000, yaani umelipia mbili ukapewa moja. Lakini hata hilo sio baya sana, baya ni hili: baada ya miaka 5 mtakuwa mmeshatoa zaidi ya dola 40,000 na bado mtadaiwa kama dola 70,000. Miaka 5 mnalipa, deni limepungua elfu 10! Zilizobaki zote ni riba. Na katika hiyo miaka 5 motahomu nayo inashuka thamani, maana inashuka kama gari, haipandi kama nyumba, hata wakiita nyumba mara mia. Inaanza kushuka siku unayoitoa getini kwa muuzaji.

Sisi tulipotaka kuiuza, bei aliyotaja mnunuzi ilikuwa chini ya deni la benki. Unaelewa maana yake? Ili kitu chako kichukuliwe unaongeza hela yako juu. Mzee wangu alikaa mezani, barua ya benki mkono huu, karatasi ya mnunuzi mkono huu, akazitazama muda mrefu, hakusema neno, akazikunja zote mbili pamoja akaziweka chini ya chombo cha chumvi. Tulilipa. Ile ilikuwa hela ya zamu za usiku, ya kugeuza wazee wa watu vitandani na kufanya kazi sikukuu zote, na sehemu yake ilikuwa imalizie nyumba yetu Tanga. Nyumba ya Tanga mpaka leo upande mmoja haujapigwa lipu. Kwa hiyo mtu asije hapa kuniambia eti mama una wivu na magari ya watu.

Na yule kijana muuzaji naomba nimseme kidogo, simtaji jina, duka lake pia silitaji. Alikaa na sisi, akatuletea kahawa, akamwita mzee wangu "sir" kila baada ya sentensi, akasema hii ni nyumba yenu ya pili, riba yake mtaikata kwenye kodi. Ukweli nusu mimi nauona mbaya kuliko uongo mzima. Ni kweli IRS, watu wa kodi wa Marekani, wanaihesabu motahomu kama nyumba ikiwa ina pa kulala, jiko na choo. Lakini ili uikate hiyo riba lazima uorodheshe makato yako moja moja, na tangu sheria ya kodi ya 2017 ilipopandisha lile kato la kawaida, kiasi ambacho kila mtu anakatiwa bila kuorodhesha chochote, karibu mara mbili, wastaafu kama sisi wengi wetu tunachukua kato la kawaida tu, basi, ile riba haikusaidii hata senti. Yeye anauza kila siku, hawezi kuniambia hajui. Alijua! Aliona wazee wawili wenye lafudhi, wametoka kazini na akiba yao, akajua hawa hawataenda kumuuliza mtu wa kodi kabla ya kusaini.

Na hakututajia kwamba kambi nyingi, hasa zile nzuri zenye bwawa na ukumbi, zina sharti la miaka 10. Gari likivuka umri huo wanaweza kukukataa, au wanadai uwatumie picha kwanza waone halijachakaa. Sasa ziweke sambamba, mkopo miaka 20, sharti miaka 10. Unafika mahali unalipia kitu ambacho kambi unayoitaka haikipokei.

Kusimama kwenyewe pia kunaharibu. Tazama ubavu wa tairi kuna maandishi yanayoanza na DOT, zile tarakimu 4 za mwisho ni wiki na mwaka, kwa mfano 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la motahomu linazeeka kwa umri, sio kwa maili. Kashata bado ndefu, inang'aa, halafu fundi anapitisha ukucha ubavuni unaona nyufa zinafunguka, anakwambia haya yanatoka yote, na yapo 6, mbele mawili nyuma manne, na ni makubwa ya basi. Ukiyaacha likapasuka moja la mbele kwenye I-35 hapo sio habari ya hela tena. Jenereta nayo inataka iwashwe kila mwezi ikiwa imebeba mzigo, usipoiwasha petroli inaganda kama gundi humo ndani. Ukirudi Minnesota kiangazi unalipia pa kuiegesha, maana mitaa mingi hairuhusu likae nje ya nyumba, na panya wanapenda sana waya za humo. Hayo yote muuzaji kayaweka kwenye neno moja, "uhuru".

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii moja, hata ukisahau mengine yote: pangeni msimu mzima kwanza, ndani ya kitu ambacho tayari kipo kambini, msinunue chochote chenye injini kabla hamjamaliza Januari, Februari na Machi mkiwa hapohapo.

Vipo vya kupanga tele. Kule Valley kambi nyingi zina vile vijumba vinavyoitwa paki-modeli, vina magurudumu kwa chini lakini havitembei, ukubwa haupiti futi za mraba 400, vina jiko la kweli, friji la kweli, choo kimeunganishwa na maji taka, kibaraza kimefungwa nyavu. Wenyewe wakiwa hawaji mwaka huo wanavipangisha kwa mwezi. Msitafute kwenye matangazo makubwa peke yake, pigeni simu ofisi ya kambi muwaulize nani anapangisha, na mkishafika nendeni chumba cha kufulia mkasome ubao, pale ndo soko lilipo. Nauli yenu ni gari lenu hilohilo dogo, mnalala hoteli mbili tatu njiani mmefika.

Na ukishakaa msimu utajua vitu ambavyo brosha haisemi. Utajua kama wifi anaweza kuishi na jirani aliye hatua nne kutoka dirishani. Utajua kama mnawapenda wale wazee wa Iowa na Nebraska na Manitoba ya Kanada, maana ndo watakuwa ndugu zenu, asubuhi shufobodi, ule mchezo wa kusukuma visahani sakafuni, jioni karata, Jumamosi kila mtu analeta chungu chake ukumbini. Mimi niliwapenda kweli, unaamka unakuta mfuko wa mabalungi mekundu ya Valley kwenye ngazi na hujui kaweka nani. Nilipika pilau la karafuu na iliki wakanifuata mpaka mlangoni kuomba masalio. Lakini kuna wenzetu hawakuweza. Simu ya msiba inaingia kutoka Minneapolis watu wanajipanga kwenda kwa mfiwa, na wewe uko maili 1,500 unatuma mchango kwa simu, unakaa peke yako kwenye kibaraza. Hilo huwezi kulijua ukiwa kwenye maonyesho unapapasa viti vya ngozi.

Mkiona mnayapenda, basi hapo ndo mnunue, tena paki-modeli iliyotumika, maana kila mwaka kuna wazee wameshindwa safari au mmoja amefariki, watoto wako mbali hawaitaki, wanaiuza na vyombo humo, mpaka sufuria na mashuka. Ila shikeni hili, mnanunua kijumba tu, ardhi ni ya kambi, kodi ya kiwanja inaendelea mwaka mzima muwepo msiwepo, na inaweza kupanda. Someni mkataba wa kiwanja kabla ya kuangalia mapazia.

Na kama mtapanga trela, ile nyumba ya kuvutwa na gari, badala ya paki-modeli, mambo mawili. Koki ya tangi la choo ikae imefungwa mpaka tangi lifike kama theluthi mbili ndo muifungue, watu wanaiacha wazi wakidhani ni kama choo cha nyumbani, maji yanakimbia, mzigo unabaki unakauka humo, na kuutoa ni kazi ya kuita mtu. La pili umeme. Plagi ya meno matatu ni ampea 30, wati 3,600 basi, ya meno manne ni ampea 50, inafika 12,000. Kwenye ile ya 30 kiyoyozi kikiwa kinanguruma, na Valley hata Novemba na Machi joto lipo, ukiongeza maikrowevu na lile jiko la umeme la kusongea ugali, breka inakata, unatoka nje gizani na kanga kuirudisha.

Texas au Arizona mimi naijua Texas, Yuma na Quartzsite za Arizona nimezisikia tu kwa majirani, wanazisifu kwa ukavu wa hewa. Ila msiende Valley mkidhani huko hakugandi. Februari 2021 umeme wa Texas ulipoanguka maji yaliganda kwenye mabomba mpaka huko chini na michungwa ikaungua kwa baridi, kwa hiyo blanketi za Minnesota zisiachwe. Hospitali: Medicare ya kawaida, ile bima ya afya ya serikali kwa wazee, inapokelewa Texas kama Minnesota, lakini kama mko kwenye zile Advantage za HMO, yaani Medicare inayoendeshwa na kampuni binafsi yenye madaktari wake maalum, nje ya eneo lenu mara nyingi ni dharura tu wanayolipa, kliniki ya presha ya kila mwezi hapana. Wapigieni kabla hamjaondoka. Na mkivuka daraja kwenda Nuevo Progreso upande wa Mexico kutengeneza meno kama wafanyavyo wote, hiyo ni mfukoni mwenu.

Kitu cha mwisho maana nimeona mtu kakujibu hapo juu eti "saini tu una siku 3 za kurudisha". Sio kweli jamani, acheni kudanganya watu! Ile sheria ya shirikisho ya siku 3 haigusi gari ulilonunua kwa muuzaji mwenye duka la kudumu, hata kama ulilinunulia kwenye maonyesho. Ukisaini umesaini. Kama mlishaacha amana, waandikieni leo kwa barua pepe, sio kwa mdomo, muulize inarudishwa au la, na jibu lao mlihifadhi. Hata ikipotea amana yote, bado mmepona.

Halafu wifi apige simu kambini wiki hii hii, Januari na Februari ndo zinajaa kwanza. Aulize umeme umo kwenye kodi ya mwezi au mita inasomwa pembeni, mara nyingi mita ni juu yenu, na aulize ni kiasi gani wapangaji wa paki-modeli walilipa umeme Januari iliyopita.