Sentensi Yangu ya Kwanza Ilikuwa Imejificha Ukurasa wa Pili

Wiki iliyopita hadithi yangu fupi, iliyokuwa imekataliwa mara tatu, ilikubaliwa na jarida moja, na mabadiliko yote niliyoyafanya yalianzia kwenye mwanzo wake. Nalisema hili kwa fahari, kwa sababu mhariri wa kwanza alinijibu kwa mstari mmoja, kwamba hakuweza kuivuka aya ya kwanza, na maneno hayo bado yananiuma.

Aya hiyo niliipenda mno. Ilikuwa na jua linalochomoza nyuma ya vilima, umande, ndege waimbao na upepo mwanana, sentensi tano nzima kabla mtu yeyote hajatokea. Siku moja niliisoma hadithi yote kwa sauti, nikajikuta naharakisha ili nifike ukurasa wa pili, palipoandikwa: “Walimzika akiwa na ufunguo wa nyumba mfukoni.” Hapo sauti yangu ilitulia. Nikayafuta yote yaliyotangulia.

Litazameni neno “walimzika”. Kiswahili kimekusanya humo watendaji, wakati na mtendwa bila kumtaja yeyote kwa jina, na msomaji anaingia akiuliza ni nani waliozika, ni nani aliyezikwa, na nyumba hiyo sasa itafunguliwaje. Wengi wetu tunaitupa neema hii kwa kuanza na jina kamili la mhusika, umri wake na kazi yake, kana kwamba tunajaza fomu. Franz Kafka, katika hadithi iliyochapishwa mwaka 1915, alianza na mtu anayeamka akiwa amekwisha kugeuka mdudu. Badiliko lenyewe limetangulia sentensi, wala hadithi haielezi kamwe sababu yake.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, usikeshe ukiisaka sentensi ya kwanza kabla ya kuandika nyingine. Maliza hadithi, kisha rudi uitafute mahali ambapo jambo limekwisha kuharibika, na uisome kwa sauti. Isome tena kesho yake. Wala usibandike kifo au mlipuko usiohusika ili kumshtua msomaji, kwani atakudai ulichomwonyesha, nasi tunaotaka kusomwa hatuna haki ya kumdanganya. Ule ufunguo ulinilazimu kuuandika upya mwisho wote wa hadithi, kazi iliyonichukua majuma matatu.

Sasa ninaandika riwaya. Nimefika ukurasa wa 60, na mstari wa juu kabisa nimeuacha wazi.