Kabla hujaandika "hasi": kwa mnaoanza patholojia ya matiti Dar es Salaam

Wadogo zangu mnaoingia maabara mwaka huu, wengine kwa mafunzo ya vitendo na wengine kwa tasnifu za uzamili, msidhani kipimo cha protini za saratani ya matiti kinaanzia kwenye chupa ya kingamwili, kitu kinachonasa protini tunayoitafuta. Kinaanzia chumba cha upasuaji, pale daktari anapofunga mishipa ya damu inayolisha uvimbe. Kuanzia hapo seli zinakosa oksijeni, vimeng'enya vyake vyenyewe vinaanza kuzila, na protini tutakazozitafuta baadaye zinaanza kupotea. Kwa joto la Dar mwezi wa Februari, hilo halisubiri.

Protini tunazoulizwa kila siku ni tatu: kipokezi cha estrojeni, kipokezi cha projesteroni (vyote vya kupokea homoni) na HER2, inayochochea seli kukua. Mara nyingi huongezwa Ki-67, inayoonyesha seli zilizo katika mzunguko wa kugawanyika. Vipokezi viwili vya homoni na Ki-67 husomwa kwenye kiini cha seli. HER2 husomwa kwenye utando wake. Rangi ya kahawia, inayoonyesha protini ilipo, ikitokea mahali pasipo pake, kwa mfano kipokezi cha estrojeni kikionekana kwenye saitoplazimu tu, hiyo haihesabiwi hata iwe nzito vipi.

Majibu hayo ndiyo yanayochagua dawa. Mama mwenye kipokezi cha estrojeni hupewa tiba ya homoni, kama tamoksifeni, vidonge vya bei nafuu anavyomeza nyumbani kwa miaka mitano au zaidi. Ukiandika hasi wakati ukweli ni chanya, umemnyima dawa hiyo, na hakuna atakayejua, kwa sababu ripoti imepigwa muhuri na inaonekana safi. Chanya ya uongo nayo ni mbaya, lakini katika mazingira yetu hasi ya uongo ndiyo inayonikosesha usingizi, maana karibu kila kasoro ya uhifadhi husukuma jibu upande huo.

Basi shikeni masharti haya kabla ya yote. Kinyama kiingie kwenye fomalini, kimiminika cha kuhifadhi tishu, ndani ya saa moja baada ya kutolewa mwilini. Kikae humo si chini ya saa 6 wala si zaidi ya saa 72. Fomalini iwe ya asilimia 10 iliyowekwa bafa, na ujazo wake uwe angalau mara kumi ya ujazo wa kinyama. Mnaochanganya wenyewe, ni sehemu moja ya fomalini nzito kwa sehemu tisa za maji, pamoja na chumvi za fosfeti. Msiziache hizo chumvi kwa sababu zimeisha stoo. Bila bafa mchanganyiko hugeuka asidi kadiri unavyokaa.

Kinyama cha sindano nene hakina shida kubwa, ni chembamba na fomalini hukifikia upesi. Taabu ni titi zima. Likitumbukizwa kwenye ndoo bila kupasuliwa, linakuwa kama muhogo mnene uliotolewa jikoni mapema: nje umeiva, ndani mbichi, na uvimbe ndio uko ndani. Nimeona titi la upasuaji wa Ijumaa mchana likifika maabara Jumatatu, halijakatwa, limelazimishwa kuingia kwenye chombo kinachotosha nusu yake. Katikati tishu imelegea na rangi imebadilika. Hakuna mashine ya kurudisha kilichopotea humo. Kwa hiyo ombeni, kwa heshima, wahusika wa chumba cha upasuaji walipasue titi kupitia kwenye uvimbe, vipande vya milimita 5 hadi 10, huku wakiacha alama za pande zake ili kingo zisichanganywe. Wakihofia kuharibu kingo, mwiteni mwanapatholojia awaonyeshe mara moja, wakishaona, hufanya. Na pale inapowezekana, vipokezi vipimwe kwenye kinyama cha sindano kilichochukuliwa kabla ya upasuaji.

Fomu nayo ni sehemu ya kipimo. Saa ya kutoa kinyama, saa ya kukiweka kwenye fomalini, upande wa titi, umri, kama mgonjwa alishaanza dawa za saratani. Sampuli inayosafirishwa kutoka hospitali nyingine, ikakwama kwenye foleni ya Barabara ya Mandela au kukesha kituo cha mabasi, haina ubaya ikiwa imo kwenye fomalini ya kutosha na saa zimeandikwa. Nafasi za saa zikiwa wazi, piga simu siku hiyohiyo. Baada ya wiki hakuna anayekumbuka.

Mambo ya benchi mtayajua kwa mazoezi, nitayapitia upesi. Kata mikroni 3 hadi 4. Tumia slaidi zenye chaji, la sivyo tishu itang'oka wakati wa kuchemsha. Usitumie slaidi iliyokatwa zaidi ya wiki sita zilizopita. Hatua ya kuchemsha kwenye bafa ndiyo inayofungua protini zilizofungwa na fomalini, hivyo umeme ukikatika katikati, usikadirie muda kwa macho. Anza upya na slaidi mpya. Na usiruhusu tishu ikauke hata dakika moja, hasa kama feni ya dari iko juu yako.

Sasa njoo kwenye hadubini. Kabla ya kutazama saratani, tafuta mirija ya kawaida pembeni yake. Titi lenye afya lina seli chache zenye kipokezi cha estrojeni, zimetawanyika, moja hapa nyingine pale. Zikiwa zimeshika rangi, kipimo kimefanya kazi na hasi ya saratani ina uzito. Mirija ya kawaida nayo ikiwa tupu kabisa, usiandike hasi. Rudia, na ukipata vilevile, andika kuwa kipimo hakikuweza kusomeka, kisha omba bloku nyingine (kipande cha tishu kilichogandishwa kwenye nta) au kinyama kipya. Kontroli ya nje, yaani tishu nyingine ambayo jibu lake linajulikana, kwa mfano tonsili au shingo ya kizazi, inathibitisha kemikali zako. Haithibitishi jinsi titi la mama huyu lilivyohifadhiwa. Wengi wanaoanza huchanganya mambo haya mawili.

Toa asilimia, usitoe neno peke yake. Kwa kipokezi cha estrojeni, asilimia 1 ya seli za saratani inatosha kuitwa chanya. Kuanzia 1 hadi 10 huandikwa kuwa chanya ya chini, kwa sababu wagonjwa hao hawafanani sana na walio na asilimia 90, na daktari wa saratani anahitaji kulijua hilo.

Kwa HER2 mantiki inageuka: mirija ya kawaida haipaswi kushika rangi nzito. Ikishika, umezidisha, na 3+ yako, alama ya juu kabisa, haiaminiki. Alama ya 3+ inataka rangi kali inayozunguka utando wote, katika zaidi ya asilimia 10 ya seli za saratani. 2+ ni swali, si jibu; hupelekwa kwenye kipimo cha jeni lenyewe, lililo kwenye kromosomu ya 17. Wasomaji wapya hupenda kuipandisha au kuishusha 2+ ili kesi iishe. Msifanye hivyo. Tangu kundi la mtafiti wa saratani Mmarekani, Dennis Slamon, lilipoonyesha mwaka 1987 kwamba jeni hili likizidi ugonjwa huwa mkali zaidi, hadi trastuzumabi, dawa inayolenga HER2, ilipoingia kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO mwaka 2015, watu wamehangaika miaka mingi ili kipimo hiki kiwe na maana kwa mgonjwa. Dawa hiyo ni ghali, na moyo wa mgonjwa huhitaji kufuatiliwa anapoitumia. Haitolewi kwa kubahatisha.

Kwa mnaofanya utafiti pale MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, au kwingineko, neno moja kuhusu protini na hatua za ugonjwa. Mnasoma kwamba seli hutoka hali ya kawaida, zikaongezeka, zikawa saratani iliyo bado ndani ya mrija, kisha zikavunja na kusambaa, halafu mnatarajia kila protini ipande ngazi kwa mpangilio huo. Haiko hivyo. HER2 huonekana mara nyingi zaidi kwenye saratani kali iliyo bado ndani ya mrija kuliko kwenye saratani zilizokwisha kuvamia zikijumlishwa. Kwa upande mwingine, p63 inayotambulisha seli za misuli zinazouzunguka mrija ni ushahidi mzuri kwa kutoweka kwake: pale tabaka hilo lisipoonekana, uvamizi unashukiwa. E-kadherini, inayoshikanisha seli, nayo hupotea kwenye saratani nyingi za lobuli (vifuko vya kutengenezea maziwa), na ndiyo sababu seli zake hutembea mojamoja kwa mstari. Kwa hiyo amua mapema protini yako inajibu swali gani: kutambua, kutabiri mwenendo wa ugonjwa, au kuchagua dawa. Panga kizingiti kabla ya kuona matokeo. Slaidi zisomwe na watu wawili wasiojua hali ya mgonjwa, hasa za Ki-67 ambayo wasomaji hutofautiana sana.

Na mkitumia bloku za zamani kutoka kwenye makabati, semeni hivyo waziwazi. Utafiti uliokusanya takwimu za Afrika umeonyesha kuwa tafiti za bloku za kumbukumbu zilipata vipokezi vya estrojeni vichache kuliko zile zilizokusanya sampuli kwa mpango. Ni kweli kwamba saratani isiyo na zile protini tatu za mwanzo (vipokezi viwili vya homoni na HER2) huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika kuliko Wazungu, lakini sehemu ya hesabu hiyo tumeitengeneza sisi kwenye ndoo za fomalini. Kwenye tasnifu yako weka safu ya muda wa kuhifadhi, na safu nyingine ya hali ya mirija ya kawaida. Kesi zisizo na mirija hiyo zichambue peke yake, uone kama asilimia ya hasi inapanda.