Shati jeupe lililoshika rangi ya kitenge

Dada, pole na hilo shati la shule ulilofua pamoja na kitenge kipya likawa la pinki. Usilianike juani wala kulipiga pasi, joto linafanya rangi ing'ang'anie. Baridi hii ya Mbeya ya mwezi wa saba, nguo haikauki upesi, leo hilo linakusaidia. Lifue sasa hivi likiwa bichi, peke yake, kwa maji baridi na sabuni ya unga, na ubadilishe maji mpaka yaache kuchukua rangi.

Ikigoma, ndipo utumie jiki: vijiko vinne vya chakula kwenye lita nne za maji baridi. Koroga kwanza, kisha zamisha shati zima kwa dakika tano, usuuze sana. Ukiimwaga moja kwa moja juu ya doa, utapata tundu. Pamba nyeupe inaistahimili. Sweta la sufu usithubutu, linageuka manjano na kuoza. Na tafadhali sana, usichanganye jiki na siki wala limau, hewa inayotoka ni sumu kwa mapafu.

La mwanangu lilitakata mara ya pili, kikabaki kivuli kidogo tu chini ya kola.