Jibu: Nina diploma ya ukutubi, kazi za metadata nazipataje?

Habari ndugu. Unasema una diploma ya ukutubi, unaorodhesha vitabu shuleni, lakini matangazo ya kazi sasa yanataka "mtu wa metadata" (taarifa zinazoeleza kitabu au hati, kama mwandishi na mada) na unajiona umeachwa. Hujaachwa. Kwanza soma majukumu, si jina la cheo: wakitaja MARC 21 (muundo wa kuandika taarifa za vitabu kwenye kompyuta) au Koha (programu ya kuendesha maktaba), ni kazi yako ileile. Koha ni ya bure. Iweke kwenye kompyuta, uingize vitabu halisi kwa namba za sehemu za MARC 21: mwandishi 100, jina la kitabu 245, mada 650. Nikisaili watu huwapa kitabu waorodheshe, cheti baadaye. Wengi hushindwa kwenye majina ya waandishi: Shaaban Robert asitokee mara kwenye S, mara kwenye R. DSpace (programu ya kuhifadhi tasnifu na makala kidijitali) jifunze ukiomba kazi vyuo vikuu.