Makinga maji yaanzie juu, yavuke mipaka ya mashamba

Mhariri, swali lenu la wiki hii linauliza: "Kwa nini makinga maji katika milima ya Usambara yanabomoka kila masika, na mkulima mwenye shamba dogo afanyeje?" Wengi watalaumu mvua. Mvua ina sehemu yake, lakini sababu kubwa ni kwamba kila mtu anachimba mitaro na kuinua matuta kwake, kufuata mpaka wake, kwa kukadiria kwa macho. Maji yanashuka mlima mzima bila kujali shamba ni la nani.

Tufanye hesabu kidogo. Chukua shamba lenye mteremko wa wastani, ambalo kutoka tuta moja hadi jingine ni mita 10, na tuta lina urefu wa mita 50. Eneo hilo ni mita za mraba 500. Mvua ya milimita 50, ambayo wakati wa masika haimshangazi mtu wa Lushoto, inamwaga hapo lita 25,000. Udongo ukinywa nusu, zinabaki lita 12,500 zinazotafuta njia. Mtaro wenye upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 60, kwa urefu huo wa mita 50, unabeba lita 18,000. Unatosha, na nafasi inabaki.

Sasa jirani wa juu awe hajachimba chochote, na shamba lake liwe linashuka mita 30. Mtaro ule ule unapokea maji ya mita za mraba 2,000 (1,500 za jirani na 500 zako), yaani lita 50,000 baada ya udongo kunywa nusu ya mvua ile ile. Utajaa mvua ikiwa bado haijafika nusu. Maji yatapita juu ya tuta mahali palipo chini kuliko pengine, yatachimba papo hapo, na tuta likikatika, maji yote yaliyokuwa yamekingwa yanamwagika kwa mkupuo juu ya tuta la chini yake. Ndiyo maana mtu anaamka asubuhi na kukuta matuta manne yamekatika kwa mstari mmoja. Aliyechimba vizuri ameadhibiwa kwa sababu ya asiyechimba, na hilo linakatisha tamaa kuliko ugumu wa kazi yenyewe.

Kwa hiyo kazi ianzie juu ya mashamba yote, chini ya msitu au barabara, kwa mtaro wa kukatiza maji. Mtaro huu haukusudiwi kuhifadhi maji, unayapeleka pembeni kwenye njia yake. Na njia hiyo itangulie kuwepo. Chagua bonde dogo la asili ambalo maji hupita tangu zamani, lipanue liwe pana na la kina kifupi, kisha panda ukoka msimu mmoja kabla ya kuchimba matuta. Ukielekeza maji kwenye udongo mtupu, umetengeneza korongo kwa mikono yako. Njia za miguu zinazoshuka moja kwa moja mlimani zina hatari hiyo hiyo. Zipindishwe, na kila baada ya hatua kadhaa wekeni gogo au mawe kwa mshazari ili maji yatoke kando. Karavati za barabara nazo zikaguliwe, maana mara nyingi mdomo wake unatazama shamba la mtu.

Kupima ni lazima. Mlimani macho yanadanganya, kwa sababu hakuna kitu kilicholala sawasawa cha kulinganisha nacho. Kifaa ni fremu ya herufi A, na hakigharimu chochote: fito mbili zilizonyooka za mita 2 kila moja, zifungwe juu, miguu iachane mita 2, na ufito wa tatu ukatize katikati. Juu ning'iniza kamba yenye jiwe, ipite mbele ya ufito wa kati bila kuugusa sana. Kabla ya kupima, tafuta alama ya usawa. Simamisha fremu kwenye vigingi viwili, weka alama pale kamba inapokatiza ufito, kisha geuza miguu ibadilishane vigingi na uweke alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa wa kweli. Mafundo yakilegea au fito zikikauka na kupinda, alama hiyo imekufa, tafuta upya. Pimeni asubuhi kabla ya upepo, na jiwe liwe zito, la sivyo kamba itacheza na mtapoteza subira.

Kwa mstari wa usawa, mguu mmoja unabaki mahali pake na mwingine unazungushwa hadi kamba itulie kwenye alama, kigingi kinapigwa, na mnaendelea. Kwa mstari wa kutoa maji, funga kipande cha mti cha sentimita 1 chini ya mguu wa mbele. Hapo mstari utashuka sentimita 1 kila mita 2, na mtaro utatiririsha bila kuchimbika. Fremu hii usiizungushe. Inyanyue na kuisogeza, mguu mrefu ukitangulia daima upande wa njia ya maji. Wengi hukosea hapa: wanazungusha fremu kama walivyozoea, mstari unapanda na kushuka, na maji yanakusanyika mahali pamoja. Mkimaliza, simameni mbali mtazame vigingi. Kinachojitenga na wenzake kisogezeni kidogo ili mstari uwe na mkunjo laini.

Mteremko unapimwa kwa ufito wa mita 2 na chupa ya soda iliyojaa maji nusu. Ncha moja iguse ardhi upande wa juu, ufito ulazwe sawa kwa kuangalia maji ya chupa, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi chini. Sentimita ulizopata gawanya kwa mbili, hiyo ndiyo asilimia. Kati ya tuta na tuta ardhi ishuke kama mita 1.5: kwenye asilimia 15 ni umbali wa mita 10, kwenye asilimia 30 ni mita 5. Ukizidi asilimia 50, mahindi na maharage yaondoke. Hapo ni pa miti na majani ya malisho.

Mteremko mkali wenye udongo wa kina una hatari yake. Mtaro wa usawa kabisa unaoshika maji yote unaulowesha mlima kwa ndani hadi kipande kizima kinaporomoka. Huko mitaro yote ishuke kidogo kuelekea njia ya maji.

Kuna aina ya kinga maji inayoitwa fanya juu: udongo wa mtaro unatupwa upande wa juu kutengeneza tuta, na kati ya mtaro na tuta unaacha ukingo wa sentimita 15 hadi 30 ili udongo usirudi. Shindilieni kila tabaka kwa miguu, na pale tuta linapovuka kibonde liwe pana na juu zaidi, kwa sababu ndipo linapodidimia. Ndani ya mtaro wa usawa acheni vizuizi vya udongo kila mita 5 hadi 10, vifupi kuliko tuta. Udongo mweusi wa juu uwekwe kando na kurudishwa shambani. Ukiufukia, utavuna udongo mwekundu usio na kitu na kusema makinga maji yameharibu shamba. Mita 50 za mtaro huu ni mita za ujazo 18 za udongo, hivyo msimwachie mtu mmoja. Ni kazi ya msaragambo.

Tuta bila majani halimalizi masika mbili. Guatemala, aina ya majani ya malisho, inafaa sana Usambara: haisambai ovyo shambani na ng'ombe wa zizini wanaila. Panda vipande vyenye pingili mbili au tatu, mistari miwili iliyopishana, sentimita 30 kati ya shina na shina, mvua zinapoanza. Usiikate hadi chini, acha kama shibiri moja, vinginevyo inakufa na kuacha mapengo. Matete yanakua haraka zaidi lakini yananyang'anya mahindi chakula, kwa hiyo yasikawie kukatwa. Wenye miraba ya asili, ile ya majani yanayozunguka vipande vya shamba, wasiing'oe. Mstari wake wa kukatiza mteremko urekebishwe kwa fremu, na ndani yake tandazeni majani ya tughutu (kichaka cha huku Usambara) au alizeti pori, yanayooza haraka na kulisha udongo.

Lushoto tuna kumbukumbu ya pande mbili. Mpango wa kikoloni wa bonde la Mlalo, miaka ya 1940 na 1950, ulilazimisha watu kulima matuta, na watu waliukataa. Mradi wa SECAP, wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kupanda miti mashambani, ulioanza mwaka 1981 kwa ushirikiano na Ujerumani, ulipita njia nyingine: majani na miti kwenye kontua (mistari ya usawa inayokatiza mteremko), na mifugo kulishwa zizini. Mkulima alipata malisho na kuni kutoka kwenye mstari ule ule unaokinga udongo, na kwa hiyo alikuwa na sababu ya kuutunza. Kwa hiyo wenye mashamba ya mteremko mmoja wakae pamoja kabla ya kuomba sheria ndogo ya kijiji. Wakubaliane njia ya maji ipite wapi, anayepoteza ardhi kwa ajili ya njia hiyo apewe nini (ukoka na malisho ya humo yawe yake, kwa mfano), na mifugo isiachwe kuranda mashambani baada ya mavuno, kwa sababu kwato zinabomoa tuta kuliko mvua ndogo. Bondeni kwenye mboga, mita 60 kutoka ukingo wa mto zinalindwa na kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004.

Tuta likikatika katikati ya masika, usijaze tope kwenye pengo, litaondoka na mvua ijayo. Kwanza fungua mtaro upande wa njia ya maji ili maji yapungue. Kisha panga magunia yaliyojaa udongo, yakipishana, ukianzia chini ya pengo hadi juu, na ushindilie udongo nyuma yake. Angalia pia matundu ya panya na fuko, maana maji huanza kupenya humo tuta likionekana zima. Mvua zikiisha, rudi na fremu upime mita 10 kila upande wa pengo. Mara nyingi utakuta mstari ulishuka hapo tangu siku ya kwanza, na hapo ndipo pa kuchimba upya.